Zuena Kafunga Zote

3 Aprili 2025, Maparoni

Mwanangu, baba yako ndiye mtu mwenye bahati kuliko watu wote wa Maparoni, na ukitaka kuongeza Dimani, ongeza. Mimi Miraji bin Salumu, darasa la saba na nusu ya kidato cha kwanza, nimekuwa utingo wa malori mpaka Tunduma, nimelala Lubumbashi, nimekula nyama ambayo mpaka leo sijui ilikuwa ya nini. Lori limepinduka nami Nangurukuru, nikatoka na viatu vyangu miguuni. Na sasa nina miaka hamsini na nane, mama yako Zuena arobaini na tisa, na wewe unakuja.

Ushahidi ninao. Kwanza, tumbo limetoka. Pili, Ramadhani iliyoisha juzi mama yako kafunga zote, hana hata siku moja ya kulipa. Mwanamke akifunga zote, wenzake wanajua hakuingia mwezini. Tatu, kula hali. Sikukuu ya Idi, pilau langu, ambalo napika mwenyewe na watu wanalifuata kwa harufu, kala matonge mawili akasema kashiba.

Daftari hili nimelinunua dukani leo kwa ajili yako. Nitaandika msimu mzima mpaka mavuno, ukikua usome ulivyokuwa ukisubiriwa. Miaka kumi na sita watu wamemwita mama yako majina. Sasa wanyamaze.

Asubuhi nimeokota bangili yake ya fedha kwenye tope la jaruba. Imemvuka mkono akipalilia. Ipo mfukoni mwangu. Kazi ya mpunga inapunguza mikono.

4 Aprili

Mvua kutwa.

7 Aprili

Tumehamia shambani. Usije ukafikiri baba yako alikuwa maskini wa kulala juu ya miti. Huku msimu wa kuamia, yaani kuwafukuza ndege wasile mpunga, kila mtu analala kwenye dungu lake, kibanda juu ya nguzo na ngazi moja ya kupandia, kwa sababu chini wanapita viboko na nguruwe, nao hawabishi hodi.

Jirani yetu dungu la pili ni Abdulkarimu. Mndengereko huyu, mimi Mmatumbi, kwa hiyo kutukanana kwetu ni ibada. Kanikuta nakaza ngazi.

"Mtani, ni kweli ninayosikia? Miaka kumi na sita unalima jaruba hilohilo, leo ndiyo limeota?"

"Wewe unapanda mpunga wa miezi minne unajiita mkulima," nikamwambia. "Wenzako tunapanda mbegu ya miaka kumi na sita."

Akacheka mpaka akashika nguzo. Zuena akasema kutoka juu, "Wazee wazima hamna haya," akaanza kushuka. Abdulkarimu alipomwona anashuka, kicheko kikamkatika katikati. Akasema "Shikamoo dada" kama mtu aliyeingia msibani, akaenda zake.

Wivu mbaya.

12 Aprili

Kashuka ngazi mara nyingi leo mpaka nimeacha kuangalia. Kila akipanda, hajakaa sawa, anashuka tena kukojoa.

"Mtoto kakalia kibofu," nikamwambia.

"Nikifika chini kinatoka kijiko kimoja," akasema. "Halafu nikipanda nahisi nimejaa."

Nimemtafutia ndoo iwe juu kwa usiku. Kiboko jana kapita karibu, nyayo zake ni kama sufuria. Mimi viboko siwaogopi, ila yeye hawezi kukimbia sasa.

15 Aprili

Mawingu. Ndege bado. Zuena kalala mchana, jambo ambalo sijaliona tangu nimuoe.

19 Aprili

Ukurasa huu utausoma ukishaoa.

Mama yako anavaa shanga kiunoni kama wanawake wote waliolelewa vizuri. Leo nimemkuta kazivua, anazitunga upya na uzi mrefu zaidi.

"Hii mara ya pili," akasema. "Nilizitunga upya mwezi wa Ramadhani. Zimenibana tena, angalia."

Nikaangalia. Zimemwachia alama nyekundu kiuno kizima. Tumbo gumu, limevutika, linang'aa kama limepakwa mafuta. Nikaweka mkono nikusubiri unipige teke. Nikasubiri sana.

"Kalala," nikasema.

Zuena kaukamata mkono wangu akautoa polepole, akashusha kanga. Nikaona bega lake. Sikumbuki bega lake kuwa na mfupa pale.

24 Aprili

Nimevuka mpaka Nyamisati na kamba wa kuuza, sikuuza. Nimegawa. Kila aliyeniambia "Hongera mzee Miraji" kapata kamba, na hata aliyeniambia nipunguze maneno kapata. Nikamnunulia mtoto wangu beseni la kuogea, la bluu, kubwa. Njia nzima ya kurudi nimelivaa kichwani kama kofia ya mkuu wa wilaya na abiria wamenipigia saluti.

Abdulkarimu alipopokea kamba wake alisema tu, "Mungu akupe kheri, Miraji." Hakunitania. Kuniita jina langu huyu ni kama kunitukana kweli.

Zuena kalitazama beseni muda mrefu. "Zuri," akasema.

2 Mei

Ndege wamefika. Mpunga uko kwenye maziwa, ukiibana punje inatoka utomvu mweupe, na hapo ndipo wanapoupenda. Wanakuja kama moshi. Napiga debe, narusha tope kwa kombeo, napiga kelele za lugha zote ninazojua, pamoja na matusi ya Lubumbashi. Zuena anavuta kamba ya makopo akiwa amekaa. Akisimama kiuno kinamuuma, na chini ya kitovu anasema kuna kitu kama jiwe lililozungushiwa kitambaa.

3 Mei

Choo hajapata siku nyingi. Nimempa papai.

6 Mei

Leo sitaki kuandika, lakini nilikuahidi msimu mzima.

Tumemwachia Abdulkarimu shamba nusu siku tukaenda zahanati kuandikisha kliniki. Nesi anaitwa Warda, binti mdogo, mpole, ana sauti ya kuita watoto kula.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja na mgeni," nikamwambia, nikaonyesha tumbo.

Akampeleka mama yako akojoe, akachovya kipimo. Tukasubiri. Nikamsimulia habari za Tunduma ili asione aibu kwa ukimya. Akaniacha nimalize, halafu akasema, "Mzee, kipimo kinasema hakuna mimba."

"Hicho kimekaa kabatini tangu mafuriko."

Hakukasirika. Akafungua kingine, akanionyesha tarehe, akarudia. Mstari ukawa mmoja tu. Akavuta kiti mbele ya Zuena.

"Mama, tumbo hili lilianza kujaa lini?"

"Kabla ya Ramadhani."

"Ukiamka asubuhi linapungua, au lipo vilevile?"

"Vilevile."

"Chakula?"

"Nashiba kabla sijala."

Akamwuliza mkojo. Akamwuliza choo. Akamwuliza maumivu ya chini na kiuno, uchovu. Zuena anajibu ndiyo, ndiyo, kila siku, kila siku. Mimi natazama ukuta, kuna picha ya mama ananyonyesha.

"Na hedhi, mara ya mwisho lini?"

"Huu mwaka wa tatu."

Nikaruka. "Huyu kafunga zote mwaka huu, hajala hata moja."

Zuena kanigeukia. Hakusema kwa ukali.

"Baba, na mwaka jana nilifunga zote. Na mwaka juzi nilifunga zote. Mwaka huu ndiyo umeona."

Warda kasema hivi, na naandika kama alivyosema. "Ningesikia moja tu kati ya haya, ningekupa dawa ya gesi, au ya mkojo, au ya minyoo, uende nyumbani. Lakini yote pamoja, kila siku, mwezi wa tatu, kwa mama aliyekwisha koma hedhi, sikupi dawa ya kunyamazisha. Nenda Kibiti wakupige picha ya tumbo. Usingoje." Halafu akauliza, "Katika ndugu zako wa damu, kuna aliyeumwa hivi?"

"Hapana," Zuena akasema.

Nikamwambia Warda mpunga uko kwenye maziwa, tukiondoka sote siku mbili tutarudi kukuta mabua. Tutakwenda tukishavuna.

"Ugonjwa wenyewe nini?" nikamwuliza.

"Sijui, mzee. Ndiyo maana nataka watazame wanaoweza kujua."

Tuliporudi Abdulkarimu alikuwa juu ya dungu langu anapiga debe. "Kliniki wamesemaje?" akauliza.

Watu wa madungu yote wametega masikio. Nikasema, "Wanasema mtoto ni mkubwa."

Zuena alikuwa na mguu mmoja kwenye ngazi. Akasimama hapo kidogo, kisha akapanda.

9 Mei

Ndege. Sauti imenikauka.

10 Mei

Ndege.

13 Mei

Uji, vijiko vitatu. Shanga kazitunga upya. Bangili nimejaribu kumvalisha, imepanda mpaka kwenye kiwiko bila kugusa nyama. Kiuno kinazidi na mkono unaisha. Mwili mmoja unakwendaje njia mbili?

Nikairudisha mfukoni.

17 Mei

Leo mvua kubwa ya mchana, ndege hawaruki, kazi hakuna. Tumekaa dunguni, maji yanapita chini yetu. Zuena kaniita, "Miraji bin Salumu," namna anayoniita akitaka nisifanye mzaha.

"Pale zahanati nilimwambia yule binti hapana. Nilidanganya."

Kaniambia habari za dada yake, Mwanamina wa Nyamwage. Huyo nilikuta keshakufa. Nilichokuwa nikijua ni kile kila mtu alichokuwa akisema, kwamba alirogwa na mke mwenza, akajazwa maji tumboni kwa kombe la mganga. Mimi mwenyewe nimeisimulia hadithi hiyo kwenye malori, nikiiongezea chatu.

"Hakurogwa," Zuena kasema. "Au sijui. Lakini alianza hivihivi. Alishiba kabla ya kula. Akawa haishi kwenda chooni. Tukamcheka, tukasema kapata mimba ya uzeeni, tukamshonea nguo pana. Mwisho tumbo lile, na miguu kama miti ya dungu hili. Alipokufa nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Nililishika tumbo lile kwa mikono yangu. Najua lilivyokuwa gumu."

Akachukua mkono wangu akauweka kwake.

"Ni hivi."

Mvua ilikuwa inapiga makuti. Nilitafuta la kuchekesha. Mimi nimewachekesha watu kwenye lori lililopinduka, dereva amebanwa, tunasubiri winchi, na nikawachekesha. Leo nilifungua mdomo nikakuta hakuna kitu.

"Tangu lini unajua?" nikamwuliza.

"Tangu shanga za kwanza."

"Na kwa nini uliniacha niseme, ninunue beseni?"

"Ulikuwa na furaha. Na mimi pia, siku mbili tatu, nilikuamini. Miaka yote naitwa tasa, Miraji. Watu wakanipisha kisimani. Nikasema acha nipishwe kidogo."

Halafu akasema, "Naogopa."

Mama yako hajawahi kuniambia neno hilo. Aliwahi kumfukuza nguruwe kwa mwiko.

18 Mei

Nimevuka matope mpaka dungu la Abdulkarimu. Nikamwambia chini ya ngazi, sikupanda. "Hana mimba. Nesi alisema. Nilikudanganya."

Kashuka. "Najua," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Macho. Mke wangu alisema tangu Idi, mjamzito hujaa mabega, yule mabega yanaisha. Siku ile ulipokuwa unakaza ngazi nikamwona mwenyewe."

"Sasa kwa nini hukuniambia, mtani?"

"Ningekwambiaje? Umekuja umevaa beseni, unanipa kamba." Akatazama pembeni. "Mwenzio nimefanya vibaya. Nilisema wewe utaona mwenyewe, kila siku nasema kesho ataona."

Mimi niliandika hapo juu kwamba ana wivu. Sifuti, ila ujue nilikosea.

Akasema kesho atatuvusha kwa mtumbwi wake wa mashine mpaka Nyamisati, na mashamba mawili atayaamia yeye na mkewe. Nikamwambia hawataweza, ndege hawa ni jeshi. Akasema, "Nenda, Mmatumbi. Huku kelele zako umetuachia nyingi, zinatosha."

19 Mei, Kibiti

Nguo za Zuena tumezitia kwenye beseni la bluu kwa sababu ndicho chombo kikubwa tulichonacho. Kwenye basi la Nyamisati, abiria walipoliona beseni na tumbo lilivyo, wakasimama, "Mpisheni mama mjamzito." Bibi mmoja akamshika tumbo akamwombea dua. Zuena akasema "Amin." Mimi nikasema "Asanteni," kwa sababu ningesema nini?

Daktari anaitwa Idrisa. Kampaka mafuta tumboni akapitisha kile kidude, kwenye kioo kunaonekana kama mvua kwenye televisheni. Mimi nimekaa karibu. Utanisamehe, lakini hata hapo nilitazama kama nitaona mguu.

Kazima mashine, akatukalisha sote wawili.

"Mama, tumbo lina maji. Na upande wa kushoto, kwenye mfuko wa mayai, kuna uvimbe. Nashuku saratani. Sina uhakika, na asiyefanya upasuaji na kuupima uvimbe huo hawezi kuwa na uhakika. Nawapeleka Dar."

Zuena kauliza, "Dada yangu alikufa na tumbo kama hili. Ningekuja mapema?"

"Ugonjwa huu hujificha kwenye mambo ya kawaida," akasema daktari. "Nani hajawahi kujaa gesi? Lakini kila siku ya mapema ingesaidia. Na leo ni mapema kuliko wiki ijayo."

Tangu tarehe sita mpaka leo. Niliziweka kwenye mpunga siku hizo. Si kwenye mpunga tu. Niliziweka pia kwenye ile sentensi niliyowaambia watu wa madungu.

24 Mei, Dar es Salaam

Vipimo. Damu. Foleni. Tumelala kwa binamu yake Zuena, Mbagala.

28 Mei

Wamemvuta maji kwa sindano na mrija, chupa baada ya chupa, rangi ya chai ya rangi. Baadaye kapumua vizuri akaomba wali na samaki. Kala sahani nusu. Nilitoka nje nikajifanya napiga simu.

3 Juni

Abdulkarimu kapiga. "Mtani, ndege wamekula."

"Kwangu au kwako?"

"Kote sawasawa. Mimi si mbaguzi." Kisha akauliza, "Dada anakula?"

"Jana tonge sita."

"Alhamdulillahi," akasema.

7 Juni

Idi Kubwa. Pilau la Mbagala halina jira. Zuena tonge moja. Tumbo linarudi.

9 Juni

Nimekaa nje ya chumba cha upasuaji. Wamemwingiza asubuhi. Daktari alisema wataondoa watakachoweza, halafu dawa za kuingia mshipani, na kwamba watamjua adui wakishamwona. Nimeuliza, atapona? Akasema, "Tutafanya kazi yetu, mzee." Nimewasikia mafundi wa magari wakijibu hivyo, na najua maana yake ni mbili.

Kabla ya kuingia nesi alizikata shanga, hawaruhusu kitu mwilini. Kanipa ndani ya glavu, kafunga fundo. Zuena alikuwa keshalazwa kwenye kitanda cha magurudumu. Kanivuta sikio akaniambia, "Wale kisimani uwaambie ukweli wewe. Mimi nitaona haya." Nikamwambia nitawaambia. Akasema, "Na usiongeze chatu."

Wakamsukuma. Mlango ukafunga wenyewe.

Sasa mfuko wa kushoto nina shanga, wa kulia nina bangili. Watu wanaingia na kutoka na hakuna anayetaja jina langu. Beseni nimelibana katikati ya miguu.

Nilikuahidi msimu mzima mpaka mavuno, na mavuno yameliwa. Kwa hiyo nimalize.

Wewe hupo. Hukuwahi kuwepo, nami nimekuwa nikimwandikia mtu asiyekuwepo kwa sababu yule aliyekuwepo nilikuwa naogopa kumtazama. Ile asubuhi ya tarehe tatu Aprili, nilipoiokota bangili kwenye tope, nilimwangalia Zuena mkono pale alipoinama, nikaona ulivyokonda, nikajua si kazi ya mpunga. Sikumwita. Nilikwenda dukani nikanunua daftari, nikaandika kwamba mimi ndiye mtu mwenye bahati kuliko wote Maparoni.

Ule ulikuwa uongo, na nilijua ni uongo nikiuandika.